Kichuguu si nyumba ya siafu

Juzi binti yangu alinisomea kitabu cha hadithi kuhusu taifa la siafu waishio kichuguuni. Kila familia ina chumba chake, ngazi zinapanda toka chini hadi juu, na malkia yuko ghorofa ya mwisho akiwatazama raia wake dirishani. Hadithi tamu, nikaisikiliza hadi mwisho. Lakini nimeshakutana na siafu wa kichuguuni mara nyingi mno, vitabuni na redioni, na sasa nimeona nilisemee.

Kichuguu ni rundo la udongo ambalo mchwa hulijenga juu ya makazi yao. Maana yenyewe ndiyo hiyo.

Siafu hawajengi kichuguu. Wao ni watu wa safari. Hupanga kwenye shimo la ardhini kwa muda, mawindo yakipungua hufunga safari usiku au mchana, wamebeba watoto wao midomoni. Tena mchwa na siafu si ndugu. Siafu ni aina ya chungu, yaani sisimizi, na ukoo wao ni wa nyigu na nyuki. Mchwa ukoo wao ni wa mende. Nadhani mkorogo huu umetuingia kwa mlango wa tafsiri, maana Waingereza waliwaita mchwa "chungu weupe" na kichuguu wakakiita "kilima cha chungu". Mfasiri akilifuata neno badala ya mdudu, anakupa siafu. Kiswahili hakikuwa na shida hiyo: mchwa ni mchwa, na wakiota mbawa wakatoka mvua zinapoanza, ni kumbikumbi.

Neno lenyewe nalo linasema mengi. Ki- ya mwanzoni ni ya udogo. Kikiwa kikubwa ni chuguu, yakiwa mengi ni machuguu. Kwa hiyo neno linataja umbo, yaani mwinuko wa udongo, wala halisemi chochote juu ya kukaa. Ndiyo maana tunamwambia mtu asilinganishe mlima na kichuguu. Hapo hakuna anayefikiria wadudu. Linganisha na mzinga. Mzinga ni gogo lililochongwa likawa wazi ndani, mtu akalitundika mtini ili nyuki waingie. Jina hilo hilo likapewa bunduki kubwa ya vita irushayo makombora kwa sababu nayo ni ya mviringo na ina uwazi. Mzinga ni chombo cha kukaliwa, kazi ya mkono wa mtu. Anayesema "mzinga wa mchwa" amechanganya vitu viwili visivyokutana.

Na umbo hilo la kichuguu halikaliwi sana. Kwa mchwa wakubwa wanaolima kuvu, sehemu inayoishi iko katikati, chini, usawa wa ardhi au ndani zaidi. Huko ndiko kwenye bustani za kuvu, zile zinazotuotea uyoga kichuguuni baada ya mvua. Sehemu ndefu unayoiona juu ni kuta na njia za hewa. Mwaka 1961 Martin Lüscher, mtafiti wa wadudu wa Uswisi, alieleza kwamba hewa ya moto hupanda kutoka kwenye kiota kama moshi kwenye dohani, ikapoa pembeni na kurudi chini. Baadaye J. Scott Turner, mwanabiolojia wa Marekani, alivipima vichuguu vya Namibia akaona upepo wa nje una sehemu kubwa katika kuichanganya hewa ile. Akakifananisha kichuguu na pafu. Mimi mfano huo naupenda kuliko ghorofa, kwa sababu hakuna anayeishi ndani ya pafu lake.

Kama hukuwahi, bandua kipande kidogo cha ukingo wa kichuguu kibichi, kisha uchuchumae. Kwanza hutoka askari, vichwa vikubwa vyekundu, taya wazi. Baada yao huja vibarua, kila mmoja na kidonge cha udongo uliolowa mate, anakibandika ukingoni, anarudi ndani. Hakuna anayewaelekeza. Udongo unaokauka hapo ndio watu wanaoutafuta kwa kufyatulia matofali na kukandikia kuta, kwa jinsi unavyoshika.

Binti yangu ameniuliza kama hadithi yake imeharibika. Haijaharibika. Nimemwambia siafu awaite mchwa, na malkia amshushe toka ghorofani ampeleke chini katikati, kwenye chumba cha udongo mgumu chenye matundu madogo yanayopitisha vibarua, kwa sababu mwenyewe amenenepa kwa mayai hata hawezi kutoka. Na amwekee mfalme pembeni yake. Dume la siafu hufa mapema baada ya kujamiiana, ila mfalme wa mchwa hukaa chumba kimoja na mkewe miaka yote, na katika kitabu kile hatajwi hata mara moja.