Farao hakushinda akivaa dhahabu

Likitajwa vazi la farao, wengi hukiona kile kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, na kudhani ndivyo mfalme alivyokaa kitini. Sivyo. Kinyago kile, chenye uzito wa kilo 10 na ushei, kilitengenezwa kufunika kichwa cha maiti yake. Hata ile mistari ya dhahabu na buluu kichwani inaiga kitambaa, kilemba cha kifalme kiitwacho nemes.

Alichovaa akiwa hai kilikuwemo katika kaburi hilohilo alilolifikia mwanaakiolojia Howard Carter mwaka 1922, nacho ni kitani. Masandukuni mlikuwa na nguo za kiunoni zaidi ya 100, kanzu, glavu, na soksi zilizotenga kidole gumba ili zivaliwe na ndara. Nyingine ni ndogo mno, za utotoni mwake. Katika nyayo za jozi moja ya ndara wamechorwa maadui waliofungwa, ili kila hatua awakanyage. Daraja la mtu lilionekana katika wembamba wa uzi: kitani cha ikulu kilifumwa chepesi hadi mwili ukaonekana ndani yake. Kwangu mimi, nguo hizi zinaeleza ufalme kuliko dhahabu yote ile, na inasikitisha kwamba hazitazamwi sana.

Je, zote zilikuwa nyeupe? Nyeupe ilitawala, kwa kuwa kitani hakishiki rangi kwa urahisi. Lakini kanzu yake moja imetariziwa pindoni wanyama wenye mabawa, na nguo nyingine zilishonewa shanga na vipande vya dhahabu.

Ndevu ndefu za mafarao zilikuwa za bandia, zikifungwa kwa ukanda. Zilikuwa alama ya cheo, ndiyo maana Hatshepsut, mwanamke aliyetawala karne ya 15 KK, anazo katika sanamu zake. Wanja nao haukuwa wa wanawake peke yao. Wanaume walijipaka pia, kwa urembo na kama dawa ya macho.

Mataji, jeupe la kusini na jekundu la kaskazini, tunayajua kwa michoro na sanamu tu. Hakuna hata moja lililofukuliwa.

Na Kleopatra, malkia wa Misri, yule wa filamu mwenye nywele zilizokatwa juu ya paji la uso na nyoka wa dhahabu? Ukoo wake ulitoka Makedonia, kaskazini mwa Ugiriki. Kwenye sarafu alizotoa mwenyewe amefunga nywele kisogoni na kuvaa utepe wa kitambaa, kama malkia wa Kigiriki.