Ruzuku ya Halmashauri: Kikundi Kianzie Wapi?

Ruzuku ni fedha ambayo kikundi hakiirudishi, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kwa kuwa si mkopo, huichukulia kama zawadi. Lakini fedha hii imetokana na kodi na ushuru wa wananchi, na halmashauri huitoa kwa kuwa kikundi kiko karibu na watu kuliko ofisi yoyote: kinajua nyumba ipi imelala na njaa na mzee yupi hana wa kumtazama. Andiko la maombi lisiloonyesha ukaribu huo halina cha kuishawishi kamati inayoyapitia, hata likiwa na kurasa nyingi kiasi gani.

Kasoro ninayokutana nayo mara nyingi ninapopitia maandiko ni lengo la "kupunguza umaskini katika jamii yetu". Umaskini upi? Chukua mfano wa akina mama wachuuzi wanaokopa mtaji kila asubuhi na kuurudisha jioni pamoja na riba. Wanauza vizuri, ila faida yote inaishia kwa mkopeshaji. Kikundi kinachotaka kuwasaidia kwa kawaida huomba fedha za semina ya ujasiriamali, na ukweli ni kwamba biashara wanaijua kuliko mwezeshaji. Wanachokosa ni mtaji wao wenyewe. Mfuko wa kuzunguka, yaani fedha wanayokopeshana na kuirejesha ili mwingine akope, wenye masharti waliyokubaliana wao kwa wao, ungewagusa pale panapouma, na matokeo yake yangepimika: ni wangapi bado wanakopa kila asubuhi baada ya mwaka mmoja?

Jambo hili hamwezi kulijua mkiwa mezani. Waulizeni kwanza, kisha ambatisheni muhtasari wa kikao hicho. Marekani imeliweka suala la kuwashirikisha walengwa katika sheria: shirika lisilo la kiserikali linalopokea ruzuku ya huduma za jamii iliyoanzishwa mwaka 1981 lazima liwe na bodi ambayo angalau theluthi moja ya wajumbe wake wamechaguliwa kwa utaratibu wa kidemokrasia kuwawakilisha watu wa kipato cha chini katika eneo linalohudumiwa. Mji wa Porto Alegre nchini Brazili ulikwenda mbali zaidi: tangu 1989 wakazi walianza kukutana kwenye mikutano ya mitaa na kuamua vipaumbele vya sehemu ya bajeti ya uwekezaji ya mji, na maji safi na majitaka yakawa miongoni mwa mambo waliyoyadai. Sijaona sababu ya kikundi chenye wanachama 20 kushindwa kufanya kikao cha namna hiyo.

Usajili, katiba ya kikundi na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja ni mambo ya lazima, na kila halmashauri ina orodha yake. Ichukueni mapema.

Kwenye bajeti, kila shilingi au dola iende na shughuli iliyotajwa kwenye andiko. Mkiandika kuwatembelea walengwa kila mwezi lakini bajeti haina nauli, msomaji ataona kwamba ziara hizo hazitafanyika. Na tafadhali msione haya kuomba gharama za uendeshaji, pale mwongozo unaporuhusu. Vikundi vingi huzifuta ili vionekane vya bei nafuu, kisha vinakosa mtu wa kutunza vitabu, na kwa kukosa huyo vinakosa risiti.

Hasara yake ni kubwa, kwa kuwa ruzuku nyingi hutolewa kwa awamu. Awamu ya pili husubiri taarifa ya awamu ya kwanza, pamoja na stakabadhi zake. Nimeona kazi njema ikisimama katikati, walengwa wakiwa wameshajipanga, kwa sababu ya malipo yasiyo na ushahidi. Mweka hazina aandike siku hiyohiyo ya matumizi. Hali ikibadilika, mathalani bei za vifaa zikipanda, ombeni kibali cha maandishi kabla ya kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine. Nia njema haitawatetea mbele ya mkaguzi.

Mkinyimwa, andikeni barua ya heshima kuomba sababu pamoja na tarehe ya dirisha lijalo la maombi, kisha pelekeni majibu hayo kwa walengwa wale wale mliowauliza mwanzo.