Hellen ni nani? Ukoo uliowapa Wagiriki majina yao matatu

Kiswahili kina majina mawili ya watu hawa. Shuleni na magazetini tunasema Wagiriki. Aliyekua na Biblia mkononi anawajua pia kama Wayunani. Ukifika kwao hutasikia wakijiita hivi wala vile. Nchi yao wanaiita Ellada, na wenyewe ni Ellines, yaani Wahellene. Majina ni matatu, na yote yamo ndani ya ukoo mmoja wa visasili vyao: moja ni la baba, moja la mjukuu, moja la mpwa. Ukiushika ukoo huo, umeshika namna Wagiriki wa kale walivyojibu swali la wao ni akina nani na wametoka wapi.

Baba mwenyewe ndiye Hellen. Ni mwanamume, tusimchanganye na Helen, yule mrembo aliyepiganiwa katika vita vya Troy.

Habari zake zinaanzia kwenye gharika. Zeus, mfalme wa miungu, alichoshwa na uovu wa wanadamu, akaamua kuwafuta kwa maji. Prometheus, aliyeiba moto wa miungu akawapa wanadamu, akamwonya mwanawe Deucalion atengeneze kasha, atie chakula, aingie humo na mkewe Pyrrha. Neno la Kigiriki ni larnax, sanduku la kutunzia vitu, ambalo jina lake lilitumika hata kwa jeneza. Hawakuwa na merikebu ya ghorofa tatu na wanyama wawili wawili. Walikuwa mume na mke ndani ya sanduku. Walielea siku 9, usiku na mchana, mpaka likatua juu ya mlima Parnassus, unaotazama Delphi.

Mshairi Mrumi Ovid ndiye aliyelisimulia lililofuata kwa namna isiyosahaulika. Wawili hao wanashuka na kukuta ulimwengu umenyamaza. Wanaingia katika hekalu la mungu mke Themis, lenye kuvu paani na madhabahu isiyo na moto, wanabusu sakafu ya mawe na kuuliza jinsi ya kuwarudisha watu. Wanajibiwa: jifunikeni vichwa, legezeni nguo zenu, mtupe nyuma yenu mifupa ya mama yenu mkuu. Pyrrha anatetemeka. Anaomba radhi kwa sauti, kwamba hawezi kuivunjia heshima mifupa ya mama yake. Deucalion ndiye anayelifumbua fumbo: mama mkuu ni ardhi, na mifupa yake ni mawe. Wakaokota, wakatupa. Mawe yakaanza kulainika kama sanamu ambayo mchongaji hajaimaliza. Aliyoyatupa Deucalion yakawa wanaume, ya Pyrrha yakawa wanawake.

Wagiriki walikuwa wakiisimulia habari hii karne nyingi kabla ya Ovid, na lugha yao iliipa nguvu. Kwao laas ni jiwe, laos ni watu. Maneno mawili yanayofanana hivyo yalitosha kuzaa kisa, au kukilinda kisifutike.

Hapo kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Watu wa kawaida walitoka kwenye mawe, lakini Hellen hakutoka huko. Yeye alizaliwa, mtoto wa tumbo la Pyrrha, na wengine walidai kwamba baba yake hasa ni Zeus. Kwa hiyo kisa kimoja kinabeba asili mbili: umati uliookotwa chini, na ukoo wa kichifu wenye mama na baba wanaojulikana.

Sasa mti wenyewe. Hellen alizaa wana watatu: Dorus, Xuthus na Aeolus. Xuthus akamwoa Creusa, binti wa mfalme Erechtheus wa Athens, akapata Ion na Achaeus. Yasome majina hayo tena ukiwa na ramani ya Ugiriki ya kale mbele yako. Wadori ni watu wa Sparta, Argos, Korintho na Krete. Waaioli ni wa Thessaly, Boeotia na kisiwa cha Lesbos. Waionia ni Athens, visiwa vya katikati, na miji ya pwani ya Uturuki ya leo kama Miletus na Efeso. Waakea walikaa kaskazini mwa Peloponnese. Kila kundi limepewa babu mwenye jina lake, na babu wote wamefungwa kwa baba mmoja.

Makundi haya hayakuwa ya kubuni. Walitofautiana kwa lahaja, na tofauti zenyewe zimechongwa katika maandishi yao ya mawe. Mama, kwa Mwathene, ni meter. Kwa Mdori ni mater. Walielewana, lakini kila mmoja alimsikia mwenzake kuwa ni wa kwingine. Mti wa Hellen ulikuja kusema: sauti ni mbalimbali, nyumba ni moja.

Ndiyo maana Hellen mwenyewe hana kisa. Hebu mtafute. Heracles ana kazi zake 12, Theseus ana Minotaur wake, Odysseus ana bahari nzima. Hellen alizaliwa, akazaa, akawagawia wanawe nchi, basi. Hakuua joka wala kujenga mji unaokumbukwa. Mimi nauona ukimya huo kuwa ushahidi mkubwa kuliko hadithi yoyote: huyu ni mtu aliyewekwa juu ya mti kwa sababu matawi yalihitaji shina. Watu walikuwepo kwanza, baba yao akaja baadaye.

Wagiriki wenyewe waliligundua jambo hilo mapema. Thucydides, mwanahistoria wa Athens wa karne ya 5 KK, aliandika kwamba zamani nchi yote haikuwa na jina moja. Akamshika Homer kuwa shahidi: katika mashairi yake, majeshi yaliyokwenda Troy yanaitwa Waakea, Wadanai au Waargivi, na Wahellene ni watu wa Achilles tu, kutoka Phthia, sehemu ndogo ya Thessaly. Thucydides alidhani kwamba Hellen na wanawe walipata nguvu huko Phthia, wakawa wanaitwa kusaidia miji mingine, na jina likatambaa polepole. Hakumkana babu, ila aliuliza jina lake lilisafiri vipi, na swali hilo lilikuwa zito kwa zama zake.

Na mpwa je? Katika utenzi mrefu wa nasaba ambao watu wa kale walisema ni wa mshairi Hesiod, Deucalion ana mabinti pia. Mmoja, Pandora, aliyepewa jina la bibi yake, alizaa na Zeus mtoto aitwaye Graecus. Mwingine, Thyia, alizaa na Zeus Magnes na Macedon. Aristotle naye anataja kwamba watu wa upande wa Dodona, magharibi, waliitwa Graikoi kabla ya kuitwa Wahellene. Warumi, waliokuwa ng'ambo ya bahari upande huo huo, ndio waliolichukua jina hilo wakasema Graeci, likaenea Ulaya nzima mpaka likatufikia sisi kama Wagiriki. Tunawaita kwa jina la mtoto wa dada.

Macedon ni mtoto wa dada vilevile, na hapo mti unaacha kuwa hadithi ya jioni. Ukoo wa Hellen unahesabiwa kwa wana wake. Wamakedonia wamewekwa karibu, ni jamaa, lakini mlango wa nyumba hawakuingia. Huko Olympia waamuzi wa michezo waliitwa Hellanodikai, waamuzi wa Wahellene, na asiye Mhellene hakushindana. Mwanahistoria Herodotus anasimulia siku mfalme Alexander wa Kwanza wa Makedonia, mhenga wa yule Alexander mashuhuri, alipojitokeza kukimbia. Washindani wenzake walikataa, wakisema mbio hizi si za wageni. Alexander hakujitetea kwa Macedon. Alitaja nasaba nyingine, kwamba ukoo wake wa kifalme ulitoka Argos. Waamuzi wakakubali, akakimbia, akamaliza bega kwa bega na mshindi. Fikiria umesimama kwenye mstari wa kuanzia, na kabla ya kuinua mguu unatakiwa kutaja babu zako.

Amebaki mjukuu, Ion, na ndiye mwenye kisa kizuri kuliko wote. Katika tamthilia ya Euripides, Xuthus si baba yake wa damu. Mungu Apollo alimshika Creusa kwa nguvu katika pango chini ya ngome ya Athens. Msichana akazaa kwa siri, akamwacha mtoto pango lile lile ndani ya kikapu, na nyoka wa dhahabu wa kumvalisha, na kitambaa alichokuwa akijifunza kufuma, hakijaisha. Mungu Hermes akambeba mtoto mpaka Delphi, kwenye hekalu la Apollo. Kijana anakua hekaluni bila kujua mama wala baba, anafagia kwa matawi ya mloreli na kuwatisha ndege kwa upinde wasichafue sanamu. Miaka inapita, Creusa anafika Delphi kuomba uzazi, na nusura waangamizane wasijue wao ni mama na mwana. Kinachowaokoa ni kikapu. Kabla hakijafunguliwa, Creusa anakitaja kilichomo kimoja kimoja, hata sura ya Gorgon, zimwi lenye nywele za nyoka, aliyoianza katikati ya kile kitambaa kibovu cha msichana.

Siasa imo pia. Mwisho wa tamthilia, mungu mke Athena anatangaza kwamba Creusa na Xuthus watapata watoto wengine: Dorus na Achaeus. Katika mti wa zamani Dorus ni mwana wa Hellen, ami yake Ion. Hapa ameshushwa akawa mdogo wake, tena bila damu ya mungu. Tamthilia ilichezwa Athens wakati mji huo ukiwa vitani na Sparta, mji wa Kidori, na kila aliyeketi kutazama alielewa nani amepandishwa na nani ameteremshwa.

Jina la Ion ndilo lililokwenda mbali zaidi kuelekea kwetu. Waajemi walipofika pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo walikutana na Waionia kwanza, wakawaita Wagiriki wote Yauna. Waebrania walisema Yavani, Waarabu wakasema Yunani, na Kiswahili kikapata Wayunani. Fungua Mwanzo sura ya 10: Yavani ni mwana wa Yafethi, mjukuu wa Nuhu. Kwa Wagiriki, Ion ni kitukuu cha Deucalion. Jina lile lile limetundikwa kwenye miti miwili ya nasaba, na kila mti umeota kwa mzee aliyenusurika na gharika.

Si kila mji ulikubali kuanza na Hellen. Thebes walisema mwasisi wao ni Cadmus, Mfoinike aliyetumwa kumtafuta dada yake Europa, akapanda meno ya joka na wakaota watu wenye silaha. Wakauana mpaka wakabaki watano, nao ndio mababu wa koo kubwa za mji. Kwake Cadmus Wagiriki walimshukuru kwa herufi, na hapo kisasili kinagusa ukweli, maana alfabeti yao ilitoka kwa Wafoinike. Argos walimpokea Danaus na binti zake 50 waliotoroka Misri. Peloponnese nzima ni "kisiwa cha Pelops", na Pelops alitoka Asia. Huwa nasikitika nikiona Ugiriki ya kale ikichorwa kama chemchemi isiyodaiwa na mtu, wakati wenyewe waliwaweka wageni kwenye viti vya mababu bila haya.

Athens walikwenda kinyume. Mfalme wao wa kwanza, Cecrops, alikuwa mtu kiunoni kwenda juu na nyoka kwenda chini. Mwingine, Erichthonius, alitoka ardhini kama mmea. Walijiita waliochipuka kwenye udongo wao wenyewe. Thucydides anakumbuka wazee wa matajiri wa Athens waliofunga nywele zao kwa kipini cha dhahabu chenye umbo la nyenje, mdudu anayetokeza ardhini. Mwaka 451 KK, Pericles alipitisha sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama wote ni Waathene. Mtoto wa mama mgeni akafungiwa nje.

Wanaakiolojia nao wana yao. Mwaka 1952 Michael Ventris alifumbua maandishi ya vigae vya udongo vya Knossos na Pylos, na lugha yake ikawa Kigiriki, cha takriban mwaka 1200 KK na kabla yake. Lugha ilikuwepo karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuandika jina la Hellen.

Bado nawaza zaidi juu ya Deucalion. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, alionyeshwa kaburi lake Athens, karibu na hekalu la Zeus ambalo nguzo zake chache zinasimama hadi leo. Katika uwanja wa hekalu hilo palikuwa na ufa ardhini, upana wake kama dhiraa moja. Wenyeji walimwambia maji ya gharika yaliishia humo, na kila mwaka walikwenda kumwaga ndani yake unga wa ngano uliochanganywa na asali.