Je, Wajua ni kwa Nini Uwanja Mdogo wa Pikoboli Huwaangusha Watu Chali?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba pikoboli, mchezo wa kupigiana mpira juu ya wavu kwa vibao vya mkononi, hauwezi kumuumiza mtu. Uwanja wake ni mdogo, mpira wake ni wa plastiki nyepesi yenye matundu, na mpigo wa kuanzisha mchezo hupigwa kwa mkono unaotoka chini kwenda juu, hivyo niliona hakuna pa kutokea madhara. Imani hiyo ina kosa ambalo wanaoanza wengi huingia nalo uwanjani.

Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani, na Joel Pritchard, Bill Bell na Barney McCallum. Uwanja una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, yaani eneo lisilofika theluthi moja ya uwanja wa tenisi wa wachezaji wanne.

Kosa lenyewe ni kudhani kwamba uwanja ukipungua, mzigo unaoubeba mwili nao hupungua kwa kiasi hichohicho. Kinachopungua ni umbali na kasi ya juu kabisa, lakini kubadilisha kasi hakupungui. Mchezaji wa pikoboli hapati nafasi ya kukimbia kwa mwendo uliotulia, kwa sababu kila mpira humtaka aondoke ghafla, asimame ghafla na kugeuka, na vitendo hivyo ndivyo vinavyozitesa kano na misuli. Breki za gari linalopita vichochoroni siku nzima huisha mapema kuliko za gari la safari ndefu, ingawa gari la vichochoroni haliendi kasi hata kidogo. Ndiyo maana shavu la mguu na kano ya kisigino huumia kwa watu wanaosema kwamba hawakukimbia popote.

Hata hivyo, kwa majeraha yanayomfikisha mchezaji hospitalini, tatizo kubwa zaidi ni kuanguka. Kumbukumbu za vitengo vya dharura nchini Marekani zinaonyesha hivyo, na wengi wa waliotibiwa wamevuka umri wa miaka 50. Takwimu hizo zapaswa kusomwa kwa tahadhari, kwani humhesabu aliyevunjika mfupa na kumwacha anayeuguza kiwiko nyumbani.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba kanuni za mchezo zenyewe huandaa anguko hilo. Kila upande wa wavu kuna eneo la mita 2.13 ambamo mchezaji haruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda, na mahali pazuri pa kushambulia ni kwenye mstari wa eneo hilo. Kwa hiyo wachezaji wote husogea mbele, na jibu la wazi la mpinzani ni kuubetua mpira upite juu ya vichwa vyao. Anayebetuliwa huinua uso, huukodolea macho mpira huo, na kuanza kurudi kinyumenyume.

Mwili wa binadamu haukuumbwa kwa mwendo huo. Ukisimama wima na kuegemea mbele polepole, utahisi vidole vya miguu vikikandamiza sakafu na kukuzuia. Ukiegemea nyuma, kizuizi hicho hakipo, kwa kuwa sehemu kubwa ya unyayo iko mbele ya kifundo cha mguu na kisigino hakitokezi sana nyuma yake. Ni kama mtungi uliowekwa karibu na ukingo wa nyuma wa rafu: ukisukumwa mbele una nafasi ya kuteleza kabla haujaanguka, ila ukisukumwa nyuma kidogo tu, unadondoka. Isitoshe, paja huweza kuinuka mbele kwa takribani nyuzi 120, ilhali nyuma kwa kawaida halizidi nyuzi 30, hivyo hatua za kinyumenyume huwa fupi na miguu huachwa na kiwiliwili. Uso ukiwa juu, macho nayo huikosa sakafu, ambayo ubongo huitegemea kuusawazisha mwili. Mkono hutangulia kupokea anguko, na kifundo chake huvunjika, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, ambao mifupa yao huwa imepungua uimara.

Kinga ni kugeuka kabla ya kuondoka. Anayetumia mkono wa kulia huupeleka mguu wa kulia nyuma, hugeuza nyonga na bega, kisha hukimbia akiutazama mpira juu ya bega lake, kwa hatua zinazokwenda mbele. Akiona hataufikia, amwite mwenzake au auache uende. Ushauri huu unaegemea zaidi umbo la mwili kuliko majaribio yaliyofanywa uwanjani, lakini umbo hilo ni la kila mchezaji.

Viatu navyo viwe vya michezo ya uwanjani kama tenisi, kwa kuwa vile vya mbio ndefu hutengenezwa kwa mwendo wa mbele na huyumba mguu unapokwenda kando. Miwani ya kinga inafaa, maana mpira huu ni mwepesi lakini unaweza kulijeruhi jicho. Anayeanza aongeze siku za kucheza polepole, kwa sababu kano huimarika taratibu kuliko misuli, na misuli inaweza kumdanganya kwamba yuko tayari.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo pikoboli yaweza kuzitimiza, na kwa waliofikisha miaka 65 huongeza mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu angalau siku 3. Zoezi moja la usawa linaweza kufanyika uwanjani kabla ya mechi: mwenzako akubetulie mipira kumi, nawe ugeuke na kuifuata bila kuipiga hata mmoja.