Sikukuu ya Mazu katika hekalu la Thian Hock Keng

Siku ya 23 ya mwezi wa tatu kwa kalenda ya Kichina ya mwandamo wa mwezi, ambayo kwa kawaida huangukia Aprili au Mei, waumini hufurika katika hekalu la Thian Hock Keng, mtaa wa Telok Ayer, Singapore, kuadhimisha kuzaliwa kwa Mazu, mungu wa kike wa mabaharia. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza ibada za watu wa bahari, nimefika kwa mtazamo kwamba sherehe hii, pamoja na shamrashamra zake zote, kiini chake ni shukrani ya msafiri aliyefika salama.

Mapokeo yanasimulia kwamba Mazu alikuwa binti wa ukoo wa Lin, aliyezaliwa mwaka 960 katika kisiwa cha Meizhou, mkoani Fujian, akafariki akiwa bado kijana, ndipo wavuvi wakaanza kumwomba awaokoe na dhoruba. Wahamiaji wa Fujian waliteremka hadi Singapore kwa majahazi yaliyosukumwa na upepo wa msimu ambao sisi wa pwani tunauita kaskazi, na waliposhuka ufukweni walimwashia udi kabla ya kutafuta kazi au malazi. Hekalu lenyewe lilijengwa kati ya 1839 na 1842, likitazama maji. Baadaye bahari ikafukiwa kwa udongo, na leo mbele ya lango ni barabara na maghorofa, lakini mwenye kufukiza udi uani bado anaelekea upande ilikokuwa bahari.

Kinachonivutia zaidi ni namna ya kumwuliza. Niliwahi kusimama karibu na bibi mmoja aliyepiga magoti akiwa na vipande viwili vya mti mfano wa hilali, kila kimoja bapa upande mmoja na kimebinuka upande wa pili. Alinong'ona swali lake, akaviachia vikaanguka sakafuni: vyote viwili bapa juu, yaani mungu amecheka tu, swali lirudiwe. Akaviokota, akanong'ona tena kwa maneno machache zaidi, na safari hii kimoja kikalala bapa juu na kingine kimebinuka, ambalo ndilo jibu la ndiyo. Vingebinuka vyote juu, ingekuwa hapana.

Mezani huwekwa matunda, tambi za maisha marefu na vitumbua vyekundu vya unga wa mchele wa kunata, vyenye choroko ndani na alama ya gamba la kobe juu, kwa kuwa kobe ni ishara ya umri mrefu.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuijali sikukuu hii. Mwaka 1431, kabla ya safari yake ya saba, Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme wa China, alisimamisha jiwe la maandishi huko Changle, Fujian, kumshukuru mungu huyuhuyu, wakati huo kwa cheo cha Tianfei, yaani Mke wa Mbinguni, kwa kuzilinda merikebu zake. Miongoni mwa nchi zinazotajwa humo ni Mogadishu, iliyotoa punda milia na simba, na Barawa, mji wa pwani ya Somalia, iliyotoa ngamia na mbuni. Na Barawa ni mji ambao wenyeji wake wanazungumza Chimwiini, ndugu wa damu wa Kiswahili chetu.