Ruzuku ya mbolea haipiti mikononi mwa chifu

Huku Trans Nzoia, Kenya, bado wapo wanaoamini kuwa ruzuku ya mbolea ni pesa taslimu ambazo serikali humtumia mkulima, kisha chifu akazikalia. Sivyo. Kwa chifu unaandikishwa tu: kitambulisho, nambari ya simu, ekari. Baadaye unapata ujumbe wa vocha, yaani kibali cha kununua mbolea kwa bei ya ruzuku, kwenye simu, na mbolea unailipia sehemu yako mwenyewe. Mwaka 2022, bei ya dukani ilipopita shilingi 6,000, mfuko wa kilo 50 wa ruzuku ulikuwa 3,500. Mwaka 2023 ukashuka hadi 2,500. Pengo hilo hasa, linalobebwa na serikali, ndilo ruzuku. Inaniuma mama mzee anapofunga safari hadi ghala la Kitale bila hela, akidhani ni bure.