Mkanda, glavu na buti za saiti: vinashindwa wapi, na nani awajibike

Fundi wa ujenzi akianguka akiwa na mkanda wa usalama mwilini, wa kwanza kuulizwa huwa ni yeye: ulifungaje? Naona tunaanzia pabaya. Tumuulize kwanza aliyempa mkanda ule na kumwelekeza pa kuufunga.

Chukua mkanda wa mwili mzima wenye kamba ya mita 2 na kipunguza mshtuko, kile kifurushi kilichoshonwa kwenye kamba. Mtu akianguka, mishono ya kifurushi hufumuka taratibu ili mwili usisimamishwe ghafla, na huweza kurefuka hadi mita 1.75. Sasa piga hesabu kuanzia pale ndoano ya mwisho wa kamba ilipofungwa: kamba mita 2, kifurushi 1.75, kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo kama 1.5, na mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 6.25. Ghorofa moja ina mita 3 na kidogo. Kwa hiyo anayefunga nondo kwenye slabu ya kwanza, ndoano ikiwa usawa wa miguu, atagonga chini kabla kamba haijamaliza kazi yake. Amevaa, amefunga, na bado anaumia.

Kwa kimo hicho jibu ni reli ukingoni: ya juu kama mita 1, ya kati, na ubao wa chini wa kuzuia nyundo na matofali yasidondoke. Reli ikishindikana, tumia kamba fupi isiyomruhusu fundi kufika ukingoni kabisa. Ukilazimika kutegemea kamba ya kudaka, ndoano ikae usawa wa bega au juu yake, mahali panapoweza kubeba kama tani 1.2. Mirunda iliyopigiliwa misumari haibebi hivyo, na nondo iliyochomoza wima inaacha ndoano ichomoke. Mkanda uliokwisha kudaka mtu ukatwe na kutupwa siku hiyo hiyo, hata kama unaonekana mzima. Na kabla ya kazi kuanza, ijulikane nani atamshusha anayening'inia na kwa kifaa gani, kwa sababu mikanda ya mapajani huzuia damu kurudi kutoka miguuni na hali hubadilika ndani ya dakika chache.

Zege nalo linadharauliwa mno. Saruji mbichi ina pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali) ya 12 hadi 13, yaani ni alkali kali, na inaunguza ngozi bila maumivu mwanzoni, ndiyo maana saidia fundi anaendelea kupiga magoti kwenye zege mpaka jioni ndipo aone kidonda. Glavu za kitambaa zinaongeza tatizo: zinanyonya maji ya saruji na kuyashikilia mkononi. Zinatakiwa za naitrili (aina ya mpira) au PVC (aina ya plastiki), ndefu kupita kifundo cha mkono. Suruali ishuke nje ya gambuti, isichomekwe ndani, maana zege likiingia kwenye gambuti hukaa humo likiunguza. Likigusa ngozi, vua nguo iliyolowa na osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Ukiona ukurutu unaorudi kila mara fundi anaporudi kwenye saruji, huenda ni mzio wa kromiamu, kemikali iliyomo kwenye saruji, na barakoa au mafuta ya kupaka hayatauondoa.

Buti: wengi hutazama chuma cha mbele tu, kinachohimili kishindo cha jouli 200 (jouli ni kipimo cha nishati). Lakini kwenye saiti yenye mbao za fomu (zile za kushikilia zege hadi likauke) zilizobanduliwa, adui ni msumari kutoka chini. Ulizia buti zenye bamba ndani ya soli. Gambuti za namna hiyo zipo pia. Kofia ngumu isitobolewe wala kuwekewa simu ndani, kwani ile nafasi kati ya ganda na kichwa ndiyo inayopokea pigo.

Kuhusu gharama: Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1988, unasema mwajiri atoe vifaa hivi bila kumtoza mfanyakazi. Kumkata kibarua hela ya buti kwenye malipo ya wiki ni kumhamishia mzigo usio wake. Mkataba huohuo unampa mkandarasi mkuu kazi ya kuratibu usalama pale wanapokuwepo waajiri wengi, hivyo "hao ni vijana wa mkandarasi mdogo" hakumtoi kwenye wajibu. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini; Kenya wana yao ya 2007. Mfanyakazi naye anadaiwa: avae, atunze, aripoti kilichoharibika. Ila saini yake kwenye daftari la stoo inathibitisha amepokea kifaa, basi. Daftari lenye maana lina saizi aliyopewa, tarehe, jina la aliyemfundisha kukivaa, na siku ambayo kitakaguliwa tena.